Tovuti ya wabunifu majengo ianze na majengo

Kampuni ya wabunifu majengo ikiamua kutengeneza upya tovuti yake, kikao cha kwanza huishia kwenye rangi, nembo na video ya droni juu ya Masaki, Dar es Salaam. Naona huko ni kuanza nyumba kwa kuezeka. Mwenye kiwanja Goba au Kigamboni, aliyetumiwa kiungo WhatsApp, anataka kujua mmebuni nini, kimesimama wapi, na ninyi mlifanya sehemu gani ya kazi.

Kwa hiyo chagueni miradi kwanza. Miradi 12 iliyoelezwa inamfaa mteja kuliko 60 yenye picha tupu. Kila mmoja uandikwe eneo, mwaka, mita za mraba, hatua uliyofikia, pamoja na majina ya mhandisi, mkadiriaji majenzi na mkandarasi. Waliochora ofisini nao watajwe. Soko la Kariakoo hadi leo linatajwa pamoja na jina la mbunifu wake, Beda Amuli. Hakuna sababu kazi za sasa zibaki bila wenyewe. Picha za 3D ziandikwe wazi kuwa ni za kompyuta. Kuzichanganya kimyakimya na majengo yaliyokamilika ni kumdanganya mteja, na katika hilo sioni nafasi ya majadiliano. Chini ya kila ukurasa iwepo namba ya usajili wa kampuni katika bodi ya wabunifu majengo, AQRB.

Kinachochelewesha kazi yote ni picha. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta: jua la mchana huangaza uso wa kusini wa jengo kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari hivi, na miezi mingine huangaza wa kaskazini. Uso wa kusini ukipigwa picha Juni hutoka kivulini, na vizuia jua mlivyovihangaikia havionekani. Pangeni ratiba ya mpiga picha kwa kufuata jua, kisha tarehe ya uzinduzi ifuate picha.

Halafu uzito. Picha 20 za megabaiti 10 kila moja zinamla mteja megabaiti 200 za bando kwa ukurasa mmoja, na hatasubiri. Zipunguzwe hadi upana wa pikseli 1600 kwa WebP, aina ya faili nyepesi ya picha, ubora 75 hadi 80. Nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 400. Zibadilishwe ziwe sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, la sivyo rangi ya tofali na mbao inaweza kufifia kwenye simu. Picha ya juu kabisa ipakiwe papo hapo ukurasa unapofunguka, za chini zisubiri msomaji azifikie. Upana na urefu wa kila picha uandikwe kwenye msimbo, vinginevyo maandishi yataruka kila picha inapoingia.

Ramani za majengo zinataka uangalifu wake, na ndizo wateja wengi huzitafuta. JPEG huchafua mistari myembamba, kwa hiyo toeni SVG, faili inayohifadhi mchoro kama mistari, moja kwa moja kutoka programu ya kuchorea. Ila zimeni kwanza vipimo na michoro ya vigae: sakafu moja ya vigae huweza kubeba maelfu ya mistari, faili ikawa nzito kuliko picha. Zibaki kuta, milango, majina ya vyumba na alama ya kaskazini. Msiandike 1:100, maana kwenye kioo cha simu kipimo hicho si kweli tena. Wekeni mstari wa mita 5 unaokua na kupungua pamoja na mchoro.

Siku ya kuhamia tovuti mpya ndipo mengi huharibika. Kila anwani ya ukurasa wa zamani ielekezwe kwenye ukurasa wake mpya kwa 301, msimbo wa seva unaosema ukurasa umehama moja kwa moja. Kuzirusha zote ukurasa wa mwanzo ni kupoteza waliokuwa wakifika kupitia Google. Hakikisheni kikoa cha .co.tz kimesajiliwa kwa jina la kampuni, si la aliyetengeneza tovuti. Siku moja kabla, shusheni TTL, muda ambao rekodi za kikoa hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya, hadi sekunde 300, na mnakili rekodi zote za DNS, yaani zinazoelekeza kikoa kwenye seva, hasa MX, zile za barua pepe. Zikisahaulika, tovuti itafunguka vizuri lakini barua pepe zitakoma kuingia, na mwaliko wa zabuni utarudi ulikotoka bila ninyi kujua. Hamieni Jumanne asubuhi, fundi wa seva akiwa anapokea simu.