Kuzunguka Kampala na mwongozaji: kweli ni kutupa pesa?

Likizo ikikaribia tu maneno yanaanza kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anauliza, jamani nakuja Kampala siku mbili nitembee wapi, na kabla hajajibiwa sawasawa anatokea mmoja anasema usichukue mwongozaji, hao wanakula hela za bure, weka bando, fungua Google Maps, panda boda, kila kitu kiko karibu. Watu wanaweka dole gumba, mjadala umeisha. Mimi naona hoja hiyo ina ukweli mwingi mwanzoni halafu inapotea njia, na wanaopata hasara ni wageni wetu wenyewe wa Nairobi, Goma, Bukoba, wanakuja wanapiga selfi wanarudi kwao wanasema Kampala hakuna kitu, ni jamu na rolex tu, ile chapati ya kukunjia mayai.

Tuwasikilize kwanza wanaopinga, maana hawaongei upuuzi. Bei ndiyo ya kwanza. Ziara za mjini nyingi zinatangazwa kwa dola, na ukiona bei ya dola kwenye mji ambao nauli, chakula na kila kitu unalipa kwa shilingi ujue aliyelengwa si wewe. Halafu komisheni. Unapelekwa duka la vinyago ambalo hukuliomba, unakaa humo nusu saa unaulizwa ngoma hii vipi, mkufu huu vipi, na mwongozaji amesimama mlangoni anachezea simu kama vile hayamhusu. Halafu kuna uongo, na hapo hata sisi tunaowatetea tunakosa pa kushika.

Chukua Kayabwe kwenye ikweta, njia ya Masaka, kama kilomita 70 kutoka Kampala. Kuna wale jamaa wa mabeseni. Anamwaga maji upande wa kaskazini, anatupia ua, ua linazunguka hivi, anavuka hatua chache kwenda kusini linazunguka vile, akija katikati ya mstari maji yanashuka moja kwa moja bila kuzunguka, watu wanapiga makofi na kutoa hela. Sasa mzunguko wa dunia unageuza vimbunga vikubwa kweli, hilo halina ubishi, lakini kwenye beseni, tena hatua chache tu kutoka kwenye mstari, nguvu yake ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuiona, maji yanafuata tu mkono wa aliyeyamwaga. Ni kiini macho. Na mtu akishajua kwamba alichezewa Kayabwe ana haki ya kujiuliza, na yale niliyoambiwa Lubiri je?

Lubiri nayo ina shida yake. Ndani ya ikulu hiyo ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, pale Mengo kuna ghala la silaha la enzi za Amin lililojengwa kwa msaada wa mafundi wa Israeli, baadaye likageuzwa jela ya mateso, vyumba vya zege vimejipanga upande mmoja wa korido yenye giza. Watu waliteswa na kufa mle. Lakini idadi ya waliokufa, unatajiwa kwa sauti ya uhakika kabisa, na wiki nyingine mtu mwingine anataja idadi tofauti kwa uhakika ule ule. Mimi hilo linaniudhi kuliko la mabeseni, kwa sababu la mabeseni ni maji tu.

Basi, hoja zao ni hizo na sizikatai. Ila hebu fanya wanavyoshauri, mwondoe mwongozaji pale Lubiri uone unabaki na nini. Unabaki na korido. Unapiga picha mbili, unasema duh Amin alikuwa mbaya, unatoka.

Wakati Lubiri si habari ya Amin peke yake. Mwanga II aliweka ikulu yake kwenye kilima hicho 1885. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Obote, aliyekuwa akiitawala nchi, likaishambulia, na aliyeongoza wale askari alikuwa huyo huyo Idi Amin, miaka mitano kabla hajawa rais. Kabaka Muteesa II, ambaye ndiye alikuwa rais wa kwanza wa Uganda, akaruka ukuta, akatoroka, akafika London na akafia huko 1969. Sasa chukua boda hadi Kasubi, si mbali. Kasubi ndipo walipozikwa makabaka wanne, Muteesa I, Mwanga II, Daudi Chwa II, na huyu Muteesa II aliyeruka ukuta. Mwili wake ulirudishwa kutoka Uingereza 1971. Aliyeurudisha nani? Amin! Ndiyo kwanza amechukua nchi Januari ile, miezi michache hata haijapita, anataka watu wa Buganda wawe upande wake, anawarudishia Kabaka wao azikwe kwa heshima zote. Na wengi walimshangilia, jambo ambalo leo watu hawapendi kukumbushwa.

Nalirudia hili kwa sababu kwangu ndilo linaloamua mjadala mzima. Mtu aliyeivunja nyumba ndiye aliyemrudisha mwenye nyumba akiwa maiti, akapigiwa vigelegele, halafu akageuza ghala la kwenye uwanja wa ikulu ile ile kuwa jela ya mateso. Ukisikia ya Lubiri tu unaondoka na Amin muuaji, umemaliza. Ukisikia ya Kasubi tu unaondoka na mazishi ya kifalme. Ukiunganishiwa zote mbili ndipo unaelewa kwa nini mzee wa Mengo ukimtajia Amin hakupi jibu la sentensi moja. Na wa kuunganisha si simu. Simu inakupa vidoti viwili kwenye ramani na dakika za boda kati yake. Utaniambia yote hayo yako intaneti, ni kweli yapo, lakini unayatafutaje kama hujui kwamba yapo? Hakuna anayesimama getini Lubiri akaandika kwenye simu nani alirudisha mwili wa Muteesa, swali lenyewe linazaliwa pale mtu anapokwambia.

Kasubi yenyewe pia, ukiiangalia kwa macho matupu ni nini? Nyumba kubwa ya nyasi. Nimewasikia watu wakisema hivyo na siwalaumu, ndicho wanachokiona. Hawajui kwamba paa ndani limebebwa na pete 52 zilizosukwa, moja kwa kila ukoo wa Buganda, kwamba kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani wa mbega, na huwezi tu kuita kontrakta mwenye bei nafuu, kwamba lile pazia la magome ya mutuba kule ndani linaficha sehemu wanayoiita msitu, na kabaka hasemwi amekufa, ameingia msituni. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba hiyo iliungua. Ilikuwa imeandikwa na UNESCO kama urithi wa dunia tangu 2001, baada ya moto ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini na haikutoka humo mpaka Septemba 2023. Miaka 13! Watu wakawa wanacheka, nyumba ya nyasi gani inajengwa miaka 13. Inajengwa hivyo kwa sababu kila kazi ina mwenyewe na ina miiko yake, na vijana ilibidi wafundishwe kuezeka na wazee waliokuwa bado wanakumbuka. Bila vichwa vya watu waliokuwa wanajua na kusimulia, picha zote za watalii zisingetosha kuirudisha ile nyumba.

Kichekesho ni kwamba sehemu kama Kasubi au ule msikiti wa Old Kampala, maelezo yamo ndani ya tiketi, unapewa mtu, umeshamlipia, na bado kuna watu wanamwacha katikati ya sentensi wakakimbilie mnara wapige picha ya mji. Haya, mnarani unaona vilima vyote, vizuri. Lakini hujajua kwamba umesimama palipokuwa na ngome ya Lugard ya 1890, kwamba msikiti huo Amin ndiye aliyeuanzisha ukakwama miaka na miaka mpaka pesa za Gaddafi zilipoumaliza, yaani Mwingereza, Amin na Gaddafi kwenye kilima kimoja.

Vingine nitavipitia haraka. Ziwa la Kabaka pale Ndeeba, watu wanapita wanaona bwawa, kumbe Mwanga aliwachimbisha watu kwa mikono miaka ya 1880 akitaka lifike mpaka Ziwa Victoria, apate njia ya kutorokea. Barabara ya Kabakanjagala kati ya Bulange, jengo la bunge la Buganda, na Lubiri, pale katikati kuna raundi abauti ina njia inayoikata moja kwa moja na geti, anayepita humo ni Kabaka peke yake, sisi wengine tunazunguka. Madereva wa takisi wanaizunguka kila siku na abiria hawajui wanazunguka nini.

Na nje ya mji kuna Mabamba, kinamasi kile ng'ambo ya Entebbe, ambapo watu wanaenda kwa mtumbwi kumtafuta bulwe, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana. Zamani wavuvi wa pale walimchukia, walisema ukimwona bulwe siku hiyo samaki hupati, kwa hiyo walikuwa wanamuua. Tena wanagombea samaki huyo huyo, kamongo. Leo wavuvi wale na watoto wao ndio wanaoendesha mitumbwi ya wageni, wanajua amesimama wapi tangu alfajiri, na mtu akijaribu kumgusa watamkalia vibaya. Hakuna hotuba ya mazingira iliyofanya hivyo, ni ada ya mwongozaji. Kwa hiyo unapomshauri mgeni asilipe, Mabamba ushauri huo unamfikia ndege.

Sasa nisije nikaonekana nimehongwa. Kuna sehemu mwongozaji humhitaji kabisa. Bustani za Entebbe, nenda na mkeka wako na watoto, mbega watajionyesha wenyewe. Hekalu la Wabahai pale Kikaaya lililofunguliwa 1961, panda kilima, kaa kwenye majani, kimya kile hakihitaji mkalimani. Namugongo siku ya kawaida unaweza kutembea peke yako, ila tarehe 3 Juni, Siku ya Mashahidi wa Uganda, hata ukimtaka mwongozaji utampoteza kwenye umati. Na soko la Owino mimi nasema chukua mwenyeji, siyo lazima mwongozaji wa leseni, rafiki tu anayejua vichochoro, na pochi weka mbele.

Kwa hiyo tatizo ni nini hasa? Kwa maoni yangu wanaosema waongozaji ni ghali na wanalenga Wazungu wameona sawa, wamehukumu vibaya. Kazi hii imejengwa kwa mtu anayeshuka Entebbe, analala Kampala usiku mmoja, kesho anaenda Bwindi kuona sokwe wa milimani. Mji kwake ni pa kungojea gari. Lakini wageni wengi wanaoingia Uganda hawaji na ndege kutoka Ulaya, wanatoka nchi jirani, Kenya na Rwanda ndizo zinazoongoza, wengi wanavuka Busia, Malaba, Katuna kwa basi. Wana harusi, wana biashara Kikuubo, wana ndugu hospitali, na wana mchana mmoja mtupu wa kutembea. Huyo hana dola 60 za kukodisha gari na mtu. Ana elfu ishirini au thelathini za Uganda, na Kiswahili.

Kiswahili ndicho hakuna. Tafuta mwongozaji wa Kiingereza utampata, wa Kifaransa na wa Kijerumani ukiuliza uliza utampata, wa Kiswahili unaambiwa subiri. Serikali ilipitisha 2022 kwamba lugha hii ifundishwe shuleni kwa lazima, sawa, lakini Kampala yenyewe imejaa watu wanaoiongea tayari, Wakongo wa huku mjini, Wanubi wa Bombo, madereva wa njia ya Mombasa, askari wastaafu. Na hebu fikiria faida ya upande wa pili. Mtanzania akija Lubiri kuna uwezekano baba yake au mjomba wake aliingia Kampala na jeshi Aprili 1979 kumwondoa Amin. Mwongozaji anayeongea naye lugha moja hatasimulia tu, atasimuliwa pia, na kesho kundi lingine litasikia kitu ambacho hakimo kwenye karatasi aliyokariri. Na hizo namba za kubuni za pale ghalani zitakuwa ngumu kutajwa mbele ya watu ambao familia zao zilikuwepo.

Ningekuwa na kampuni ndogo ya kutembeza watu ningeanzia hapo. Kundi la watu sita au saba, bei kwa shilingi, kila mtu anatoa chake, Mengo asubuhi, Kasubi kabla ya jua kali, Old Kampala jioni, hakuna duka la vinyago mpaka mtu aombe mwenyewe. Asubuhi mabasi ya Nairobi yanaposhusha abiria mjini wanaowakimbilia ni watu wa boda na wabadilisha pesa, kila mmoja anaita kwa Kiswahili safi kabisa, wanajua mteja ni nani. Waongozaji wetu saa hiyo wako lobi ya hoteli.