Ratiba Ipo Ukutani, Mwili Haujui Kusoma

Hivi nani aliwaambia watu wa Moshi kwamba kukimbia peke yake hakutoshi? Kilimanjaro Marathon ipo tangu 2003, mtu angetulia na kilomita zake 42. Wapi! Anataka triathlon, michezo mitatu kwa mpigo: lazima aogelee mita 1,500, aendeshe baiskeli kilomita 40, ndipo akimbie kilomita 10. Ratiba ya wiki 12 imebandikwa ukutani, rangi tatu. Wiki ya saba, malaria. Hiyo haikuwekewa rangi.

Na mwanamichezo akiugua malaria ni vituko vitupu. Anameza dozi mbili za dawa mseto ya malaria (ALu), homa inashuka, huyoo, raba mguuni, barabara ya TPC, kiwanda cha sukari! Baba, vidonge vya mtu mzima ni 24: vinne vinne mara sita, mara ya pili yakishapita masaa 8, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Tena dawa hiyo inataka chakula chenye mafuta ndipo iingie vizuri mwilini. Yeye anaishushia na chai ya rangi, eti anachunga uzito. Siku pekee ambayo chipsi mayai inasaidia tiba, ndiyo siku anayoikataa!

Malaria imeharibu chembe nyekundu za damu, sasa hewa itabebwa na nani? Ndiyo maana ngazi tatu tu anahema. Umalize dozi kwanza. Kisha asubuhi, kabla hujanyanyuka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika. Yakizidi kawaida yako kwa 10, vuta shuka. Yakitulia, anza kwa kutembea nusu saa, siku nyingine baiskeli pasipo mlima. Kuogelea kuje mwisho, na mtu awe pembeni, maana kizunguzungu cha majini hakina ukuta wa kuegemea. Na mashindano? Shuka masafa: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Ada ya masafa marefu uliyolipa hairudi, hilo zoea tu.

Homa ikiondoka, goti nalo linadai zamu. Likiuma kwa mbele, mara nyingi siti ya baiskeli iko chini mno. Likiuma kwa nyuma, iko juu. Mpelekee fundi: anafumba jicho moja, anakaza nati, "Bosi, utazoea." Utazoea nini? Mtu akushikie baiskeli, kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Zungushia bomba la siti tepu nyeusi ya umeme ujue ulikotoka. Pandisha au shusha milimita 5, endesha siku mbili tatu, ndipo uguse tena. Na gia nzito za kupandia Marangu achana nazo, ndizo zinazolikandamiza goti. Weka nyepesi, miguu izunguke kama mara 85 kwa dakika.

Lakini nani anataka kusikia habari za milimita? Watu wanataka diklofenaki, dawa ya maumivu, asubuhi ya mashindano, tumbo tupu. Kwa jua la Moshi, maji yakipungua mwilini, dawa hiyo inapunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mwenye vidonda vya tumbo atawaka moto kabla hajavua kofia ya kuogelea.

Goti likigoma kabisa, mashindano mengi yanaruhusu kupokezana: wewe maji na baiskeli, mwenzako akimbie. Kumpata huyo mwenzako ndiyo kazi. Kila unayemuomba anataka kipande cha baiskeli, na baiskeli hana, anaitaka yako.