Kunguni hafuati uchafu

Jumamosi iliyopita mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, alirudishwa kutoka bweni pamoja na godoro lake. Aliambiwa mbele ya wenzake akajifunze usafi kwanza. Aliposhuka kwenye bajaji hata shikamoo hakunipa. "Shangazi, mimi naoga kila siku." Ndilo neno lake la kwanza, na tangu siku hiyo sijatulia.

Jamani, kunguni hafuati uchafu. Anafuata joto la mwili na pumzi tunayotoa, anafyonza damu dakika 5 hadi 10, halafu anarudi mafichoni. Hana mabawa wala haruki. Kutoka kitanda hadi kitanda anatembea kwa miguu; kutoka mji hadi mji sisi ndio tunambeba, kwenye mabegi, matranka na makochi ya mtumba. Mwaka 2023 jiji la Paris lilihangaika naye mpaka mawaziri wakaitisha vikao.

Nilifumua pindo la godoro lile. Ndani kulikuwa na vidoa vyeusi kama vya wino, ndicho kinyesi chao, na kando yake mayai meupe ya kama milimita 1, yamenata kwenye uzi. Jike mmoja mwenye mimba anatosha kuanzisha yote yale, na mkubwa anakaa miezi bila kula.

Haya, chumba kilichojaa vitu kinampa pa kujificha, hilo nalikubali. Lakini hakuna deki inayomzuia kuingia.

Kinachomsambaza ni aibu. Mtu akiona alama mwilini ananyamaza, anakwenda kulala kwa ndugu na begi lilelile. Anatupa godoro jalalani usiku, asubuhi mwenzake analiokota. Nilipokuwa nimepanga uswahilini, jirani yangu alificha miezi minne huku wanapita kwenye nyufa za ukuta kuja kwangu. Angesema siku ya kwanza tungepambana nao pamoja. Wengine wanapulizia kimyakimya dawa ya shambani kwenye godoro analolalia mtoto. Nawasihi, msifanye hivyo.

Shuka na sare tumezichemsha, bawaba za tranka tumezimwagia maji yanayotokota. Jumatatu narudi naye shuleni, nikaombe wakague vitanda vyote vya bweni lile. Chake ni kimoja kati ya 36, na waliomcheka wanalala kwenye hivyo vingine.