Kinyesi cha Ndege na Heshima ya Gari

Majirani zangu wameamua, kwa kura zote isipokuwa yangu, kwamba mti wa mkungu uliopo katikati ya ua wetu ukatwe na ua mzima utandikwe vitofali, kwa sababu ndege wanachafua magari. Kilichoniudhi zaidi ni kicheko kilichozuka nilipoeleza kwamba huwatazama ndege hao kila asubuhi nikiwa roshani. Niliambiwa kuwa kutazama ndege ni shughuli ya watalii, na kwamba nikiwapenda kiasi hicho niende hifadhi ya wanyama ya Mikumi.

Yaani nilipie mafuta na kiingilio ili nikawatafute tetere na shore, ambao hapa wanatua hatua chache kutoka kwenye kikombe changu cha chai!

Shangazi yangu anayeishi Wete, kisiwani Pemba, hajawahi kushika darubini, lakini akiwa barazani kwake anaweza kukueleza ni saa ngapi ndege aitwaye chozi huja kufyonza ua la mgomba, na yupi ni dume kwa jinsi manyoya yake yanavyometameta. Chozi huyo ni miongoni mwa spishi nne za ndege, pamoja na ninga na bundi wa huko, ambazo hazipatikani popote duniani isipokuwa Pemba na visiwa vidogo vinavyoizunguka, kwa kuwa mkondo wenye kina kirefu umekitenga kisiwa hicho na bara kwa muda mrefu sana. Wageni huvuka mabara kuja kumwona. Shangazi humwona huku anachambua mchicha. Hakuhitaji cheti wala fedha kwa hilo, kwani mgomba na mwembe viliachwa visimame karibu na nyumba, na hakuna aliyeitisha kikao kuvijadili. Sisi wa Dar es Salaam, tunaojiona tumeendelea, tunalipa fundi atuondolee kivuli, kisha tunalipa umeme wa kiyoyozi kwa sababu ya joto.

Habari za bundi na uchuro naziacha, ila ndege anayetupunguzia panya bila malipo hastahili kupigwa mawe.

Jirani mmoja alitoa hoja ambayo ningependa kuipuuza lakini siwezi: kwamba wanaowamaliza ndege wadogo wa jiji hili ni kunguru. Nakubali, kwa shingo upande. Kunguru huyo wa kutoka India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka, na tangu aenee bara amekuwa akila mayai na makinda ya wenzake bila huruma. Lakini anashibishwa na nani, kama si sisi tunaoacha mifuko ya taka wazi kando ya barabara siku nzima? Tunamwekea kunguru karamu, kisha tunamfyekea shore mahali pa kujificha, na hayo yote tunayaita usafi wa mazingira.

Turubai za kufunikia magari zinauzwa Kariakoo, nami niko tayari kuchangia.