Tukifungwa, Wenzetu Wote ni Vijeba

Juzi nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja huku Mbagala, TV inarudia mechi ya zamani ya Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17 (U-17). Hata dakika ya kumi haijafika, wapinzani wamepata kona, jamaa nyuma yangu akatoa hukumu: "Mcheki yule namba tano. Yule ana watoto wawili na mkopo wa bodaboda." Kibanda kizima kicheko. Kona ikapigwa, namba tano akaruka peke yake kama yuko mazoezini, kichwa, goli. "Si niliwaambia? Vijeba hawa!" Yaani watu wazima waliopunguza umri ili wacheze na watoto.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza beki wetu wa kati alikuwa wapi. Marudio ya goli yalionyeshwa mara mbili na mara zote mbili beki wetu alikuwa anaangalia mpira, mikono kiunoni. Mikono kiunoni, jamani, kwenye kona! Lakini tumeshakubaliana kuwa namba tano ana ndevu, kwa hiyo kesi imefungwa.

Nimechoka na hii habari ya vijeba. Sisemi hawapo. Nimechoka na jinsi tulivyoigeuza kuwa jibu la kila swali kuhusu timu ya vijana, na tunavyoisema kana kwamba sisi wenyewe tuna mikono misafi.

Tuanzie hapo kwenye mikono misafi. Mwaka 2005 Serengeti Boys ilifuzu fainali za Afrika za U-17 zilizochezwa Gambia. Tulishangilia kweli. Halafu ikabainika kuwa tumedanganya umri, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikatutoa, na nafasi yetu wakapewa Zimbabwe, ambao tulikuwa tumewatoa uwanjani. Kijeba alikuwa wa kwetu. Gambia wakalibeba kombe nyumbani kwao na sisi tukalisikia redioni. Sasa tafuta mtu kijiweni akusimulie habari ya 2005. Hutampata. Ila ukiuliza ya 2017, kila mtu ana kumbukumbu kali kama wakili.

Hiyo ya 2017 tunaipenda kwa sababu safari hii rufaa ilitunufaisha sisi. Kwenye kufuzu, vijana wa kocha Bakari Shime waliwafunga Shelisheli, wakawatoa Afrika Kusini, halafu wakakutana na Congo Brazzaville raundi ya mwisho. Dar tukashinda 3-2, kule kwao tukafungwa 1-0, tukatoka kwa goli la ugenini. TFF, shirikisho letu, ikakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji wao mmoja, CAF ikaagiza apelekwe kupimwa, hakutokea. Congo nje, Tanzania ndani. Haki kabisa, na waliofuatilia ile rufaa miezi yote ile wanastahili pongezi. Lakini tuseme ukweli: sheria ileile iliyotufukuza 2005 ndiyo iliyotuingiza 2017. Ikitupiga sisi tunasema fitina, ikimpiga jirani tunasema haki imetendeka.

Na wale vijana, walipofika kwenye fainali Gabon, walifanya nini? Hapa ndipo hoja ya vijeba inaponiudhi zaidi. Mechi ya kwanza Port-Gentil walitoka 0-0 na Mali. Mali ileile iliyowapiga Angola 6-1, ikachukua ubingwa wa Afrika, kisha ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia India. Kipa wetu Ramadhani Kabwili, mbele yake Dickson Job na kitambaa cha unahodha, wakazuia dakika zote tisini. Mechi ya pili wakawafunga Angola 2-1. Ikabaki Niger. Sare tu, jamani. Sare ilikuwa inatosha kutupeleka Kombe la Dunia. Tukafungwa 1-0. Tukalingana pointi nne na Niger, tukalingana hata tofauti ya mabao, wao wakapita kwa sababu walitufunga sisi. Mpaka leo nikiuona msimamo wa lile kundi tumbo linanicheza.

Mabao mawili tu ya kufungwa katika mechi tatu. Kama Afrika Magharibi wanaleta mibaba, hiyo mibaba ilikuwa likizo wiki ile? Au labda wale watoto walikuwa wamefundishwa? Mei 2016, mwaka mzima kabla ya Gabon, walikuwa Goa, India, kwenye mashindano ya kirafiki ya vijana na Marekani na Korea Kusini. Walikuwa wamekaa pamoja muda mrefu, wanajuana mpaka nani analala akikoroma. Job, Kibwana Shomari na Nickson Kibabage unawaona mpaka leo kwenye soka la juu. Hawakuokotwa wiki tatu kabla ya mashindano.

Sasa njoo 2019. Fainali zipo nyumbani, uwanja wa taifa, tumeandaa sisi, ukishika nafasi mbili za juu kwenye kundi unakwenda Kombe la Dunia Brazil. Aprili 14, Nigeria. Tulikuwa nyuma, tukasawazisha, tukaongoza. Mshambuliaji wetu Kelvin John anawakimbiza mabeki wa Nigeria, uwanja unatetemeka, mzee mmoja jirani yangu jukwaani amevua shati. Tunaongoza 4-3 dhidi ya nchi yenye historia ndefu kuliko wote kwenye umri huu. Kilichotakiwa ni kutulia. Shika mpira, piga nje, jifanye umeumia, kipa afunge kamba za viatu, mbinu zote za kishenzi tunazozijua. Tukaendelea kushambulia kama tupo nyuma. Nigeria wakarudisha, wakaongeza. 5-4.

Usiku ule redioni, unajua walisema nini. Vijeba.

Siku tatu baadaye tukacheza na Uganda. Uganda! Hawa wanavuka Mutukula kuja kununua bidhaa, tunakutana nao kila mashindano ya CECAFA, ya ukanda wetu. Wakatupiga 3-0. Kisha Angola 4-2. Mabao sita tumefunga, kumi na mawili tumefungwa, pointi sifuri, mwenyeji wa mashindano mkiani mwa kundi. Timu inayofunga manne dhidi ya Nigeria ina vipaji. Timu inayofungwa kumi na mawili katika mechi tatu haina ulinzi, na ulinzi ni kitu kinachofundishwa, haukui kwenye kidevu.

Na fainali za Morocco 2025? Zambia wakatupiga 4-1, Uganda hao hao 3-0 tena, Morocco nao wakashinda, tukapoteza zote tatu. Waganda wale wakaenda Kombe la Dunia Qatar na kuifunga Ufaransa. Nasubiri mtu aniambie na Ufaransa walilalamika kuhusu ndevu.

Najua mtakachosema. Guinea! Sawa. Guinea walifika fainali hapahapa Dar 2019, wakafungwa na Cameroon kwa penalti, halafu ikagundulika wachezaji wao wawili walishawahi kucheza mashindano Japani kwa pasi zenye umri mwingine. Wakanyang'anywa nafasi ya Kombe la Dunia, Senegal wakaenda badala yao. Sudan Kusini, wa ukanda wetu wenyewe, walifuzu fainali za Algeria 2023 wakaondolewa kwa sababu ya vipimo. Kwa hiyo ndiyo, nakubali kwa shingo upande: vijeba wapo, wengi, na wamewaibia watoto wengi nafasi zao. Lakini angalia vipigo vyetu nilivyovitaja: hakuna hata mmoja wa hao aliyetufunga. Guinea hatukukutana nao kwenye fainali zile.

Isitoshe, siku hizi kuna MRI. FIFA ilianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la U-17 Nigeria 2009. Wanapiga picha kifundo cha mkono, wanaangalia mfupa karibu na kiganja. Kijana anayekua, pale pana mstari ambao haujafunga. Ukishafunga wote, karibu hakika ameshavuka 17. Kipimo hakisomi cheti wala hakimjui mjomba wa mtu. Kinaweza kukosea pembeni kidogo, sikatai, lakini baba wa watoto wawili hapiti pale.

Sasa niseme kilichonifanya niandike yote haya, maana jamaa wa kibanda umiza peke yake asingeniamsha usiku.

Mtoto wa dada yangu ni beki wa kushoto. Anajua. Kocha wa kituo kimoja cha mtaani alikuja nyumbani na soda za chupa, akakaa kwenye mkeka, akamwambia dada: "Mama, kijana wako ana kipaji, ila umri umemtupa mkono kidogo. Mdogo wake ana cheti?" Mdogo wake ana cheti. Mdogo wake amezaliwa miaka mitatu baadaye. Dada, ambaye kwenye ada ya shule anapambana peke yake, akaona mlango umefunguka, akaingia chumbani akakitoa.

Kukawa na bonanza. Nikaenda kushangilia. Mwamuzi akawa anasoma majina kwenye fomu kabla ya mechi, akaita jina la yule mdogo. Kimya. Akaita tena. Mpwa wangu amesimama pale na jezi, anaangalia viatu vyake. Na pembeni ya uwanja, yule mdogo mtu mwenyewe, mkononi ana kashata, akaitika kwa sauti yote: "Naam!" Watu walikufa kwa kicheko. Mimi pia nilicheka, kusema kweli, mpaka nilipouona uso wa mpwa wangu.

Baada ya mechi nikamfuata kocha. Sikumgombeza, nilimuuliza tu, kwa nini. Akaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mgeni wa mpira. "Kaka, kila mtu anafanya. Wewe unadhani wale wa Afrika Magharibi wanaleta watoto?"

Ndiyo hiyo. Sentensi ileile ya kibanda umiza na ya redioni. Kule inatumika kufuta machozi tukifungwa. Huku chini, kwenye vumbi, inatumika kama kibali. Tunawaambia makocha wa mtaani kila wiki kwamba Afrika nzima inadanganya na wajinga ni sisi tu, halafu tunashangaa wanapokubali kutokuwa wajinga. Mpwa wangu angefika mbali, angeitwa kambi, mashine ingeweza kumuumbua na angerudishwa na basi, na nafasi yake pale kituoni ilishamnyima mtoto mmoja wa miaka 15, mfupi, mwenye akili ya mpira, aliyeambiwa "wewe bado mdogo". Mdogo! Kwenye timu ya watoto! Na yule mdogo mwenye cheti chake, siku na yeye akitaka kucheza, atatumia cha nani? Hawana mdogo mwingine.

Cameroon, mabingwa wale wa 2019, Januari 2023 walipima wachezaji 30 waliokuwa wakijiandaa na mchujo, 21 wakafeli. Shirikisho lao likatangaza lenyewe. Aibu? Kubwa. Lakini wakaita wengine, wakaanza upya, na fainali za Algeria walikuwepo. Sisi tupime kabla ya kambi, mikoani, mapema, na anayefeli aulizwe cheti alikipata kwa nani. Huyo "nani" ndiye ninayemtaka mimi. Mtoto aachwe.

Kuna mengine, nayajua. Ligi ya U-17 ya mikoani yenye mechi za kutosha hatuna. Wanasiasa wanaahidi viwanja uwanja wa ndege, wakiwa na maua mkononi. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, bado inabeba mzigo ambao klabu zilipaswa kuubeba. Kila moja ina makala yake.

Halafu kuna wasichana, ambao mtu akisema Tanzania haijawahi kucheza Kombe la Dunia natamani kumrushia redio. Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana ya U-17, Oktoba 2022, India. Kocha Bakari Shime, yuleyule wa Gabon. Waliwatoa Cameroon kwenye mchujo, wakiwapiga 4-1 kwao. Kule India wakaanza kwa kichapo cha 4-0 kutoka kwa Japani, na kijiweni watu wakaanza nyimbo zao. Wakaamka, wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali. Colombia wakawatoa 3-0. Robo fainali ya dunia! Walipigwa manne siku ya kwanza na hawakukaa chini kuulizana Wajapani wamezaliwa lini. Walirekebisha walipovuja. Nimeiangalia tena ile ya Ufaransa: kila kona, kila mtu ana mtu wake.

Kuhusu mpwa wangu, cheti kimerudi kabatini. Kocha hajafurahi, na dada hajanisamehe sawasawa, kila nikienda chai inachelewa. Lakini kijana ana miaka 17, si 14, na mguu wake wa kushoto haujapungua chochote kwa kuwa na 17. Kuna Ngorongoro Heroes, U-20, timu halali kabisa yenye mashindano yake, ilicheza fainali za Afrika Mauritania 2021 na Misri 2025. Kocha, kama unasoma hapa, na najua unasoma maana ulinitumia meseji ya matusi mara ya mwisho: mpeleke kwenye majaribio ya huko, kwa jina lake.