Ukimya wa Diafani na Kelele za Siyu

Mwezi wa Oktoba nilipumzika siku 6 Diafani, kijiji cha bandari kilicho kaskazini mwa kisiwa cha Karpathos nchini Ugiriki, na picha nilizozituma nyumbani zimenirudia na maneno ambayo nimeona nisiyaache yapite. Ndugu zangu wa Siyu, kisiwani Pate nchini Kenya, waliona ghuba ya maji ya buluu, nyumba nyeupe zilizopangika, mashua tatu zimefungwa gatini na njia isiyo na mtu, wakaniandikia kwamba huko ndiko watu wanakoishi, kwa kuwa hakuna kelele, hakuna takataka na hakuna msongamano. Nimeishi Piraeus, bandari ya Athens, miaka 14, nikichomelea vyuma katika karakana za meli za Perama, na naona wajibu kusema kwamba ndugu zangu wamekisifu kijiji kile kwa jambo ambalo wenyeji wake hulililia.

Nilialikwa na mwenzangu kazini, ambaye mama yake, bibi aliyepita miaka 80, bado anaishi Diafani peke yake. Safari ya meli kutoka Piraeus huchukua karibu siku nzima, kwa kuwa meli hupita kisiwa baada ya kisiwa, ikishusha watu wachache hapa na magunia pale, kabla ya kufika huko kati ya Krete na Rhodes. Upepo wa kaskazini wanaouita meltemi, ambao kiangazi huvuma Karpathos kwa nguvu zinazonikumbusha kusi ya Julai, ulikuwa umekwisha kutulia. Wageni wa kitalii walikuwa wameondoka, mikahawa miwili mitatu tu ilikuwa wazi, na pweza walikuwa wametundikwa kwenye kamba mbele ya nyumba moja kama nguo zilizofuliwa.

Jambo la kwanza lililonishangaza, mimi niliyezaliwa mahali ambapo bahari hujaa na kukupwa zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, ni kwamba bahari ile haiondoki. Asubuhi, adhuhuri na jioni maji yako palepale kwenye jiwe lilelile. Kwa miaka yote niliyokaa Piraeus sikuwahi kulitia maanani, kwa sababu bandari kubwa ina mambo mengi ya kutazama. Lakini ukikaa gatini siku nzima bila kazi, unalihisi. Kwetu maji yakikupwa, ufuo hugeuka kuwa mahali pa kazi: akina mama hutoka na vijiti kutafuta pweza miambani, watoto huwafuata wakiokota chaza, na waliofunga mashua vibaya huziona zimelala ubavu kwenye matope ya mikoko. Diafani hakuna anayetembea juu ya bahari. Na hata kama maji yangekupwa, sijui ni mtoto gani angetoka kuokota kitu, kwa maana katika siku zile 6 niliwahesabu watoto wanne.

Pamoja na hayo, nilijiona nyumbani kwa namna ambayo Athens haijanipa. Wazee hukaa nje ya mkahawa wao wakinywa kahawa ya vikombe vidogo yenye machicha chini, chungu kama kahawa yetu, nao hulijua jambo la kila mpita njia, kama wanavyokaa wazee wetu barazani baada ya alasiri. Kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 11 na nusu, majira ya kiangazi, sheria ya nchi inakataza kelele ili watu walale, nasi hatuhitaji sheria kutuambia hivyo jua linapokuwa kali. Yule bibi alinikaribisha kwa tini, mkate wa tanuri ya nje na makarouni ya huko yanayopakwa vitunguu vilivyokaangwa na jibini, akaniita “mwanangu” tangu siku ya kwanza, nami nikamwita “bibi”, kwa lugha yake. Kigiriki, kama Kiswahili, kina neno moja, xenos, kwa mtu asiyejulikana na kwa mtu anayetandikiwa kitanda, na kutokana na neno hilohilo wamepata xenitia, yaani ugenini, ambao wameuimba kwa karne nyingi kama watu wanaoomboleza.

Nilipanda na bibi yule hadi Olympos, kijiji mama cha Diafani, kilichojengwa juu ya mgongo wa mlima ili kujificha na maharamia. Huko wanawake wazee bado huvaa mavazi yao ya zamani na viatu vya ngozi virefu siku za kazi, si kwa ajili ya wapiga picha. Nikiwa mtoto wa Siyu, mji wa mafundi wa ngozi, nilivitazama viatu vile kwa muda mrefu. Aliponieleza kwamba kwa desturi yao nyumba ya mama humwendea binti wa kwanza, anayeitwa kanakara, na mume ndiye anayehamia, nilimwambia kuwa katika miji yetu ya Lamu na Pate pia, familia nyingi za zamani zilimjengea binti nyumba ili akiolewa asiondoke kwao. Alifurahi sana, kisha akanyamaza. Ana binti wawili, na wote wako Baltimore, Marekani.

Huo ndio ukimya ambao ndugu zangu wameupenda. Tangu mwanzoni mwa karne iliyopita watu wa Olympos na Diafani wamekuwa wakiondoka, wengine kwenda Piraeus, wengine Rhodes, na wengi mno kwenda Baltimore, ambako wazao wao sasa wana mitaa, vyama na sherehe zao. Fedha zao ndizo zilizopaka chokaa nyumba zile na kuweka madirisha mapya. Mwezi wa Agosti hurudi. Tarehe 15 hucheza usiku kucha mbele ya kanisa la Olympos, na tarehe 29 hujazana ndani ya mashua kutoka Diafani hadi Vroukounta, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohane lililo ndani ya pango, wakalala huko. Septemba ikiingia, wanafunga milango. Nilipita mbele ya nyumba nyingi nzuri zenye kufuli, na bibi alinitajia kila moja kwa jina la mwenyewe na jina la mji alioko, kama mtu anayesoma orodha ya walioitwa wasiitike.

Hesabu za taifa zinasema hayohayo kwa upana zaidi. Ugiriki ilikuwa na watu milioni 10.8 katika sensa ya mwaka 2011, na mwaka 2021 walikuwa wamepungua wakafika chini ya milioni 10.5. Kaunti yetu ya Lamu, kwa upande wake, ilihesabiwa watu 101,539 mwaka 2009 na 143,920 mwaka 2019. Najua kwamba wengi wa walioongezeka ni wahamiaji wa bara, na kwamba jambo hilo lina malalamiko yake kuhusu ardhi. Hata hivyo, mtoto anayelia usiku Siyu, jirani anayetwanga, punda anayelia alfajiri na vijana wanaopiga mpira mbele ya ngome hadi magharibi ni sauti za mji ulio hai, na mtu aliyekaa na bibi yule jioni moja hawezi tena kuzihesabu kuwa kero.

Lililoniumiza zaidi, kwa kuwa ni la fani yangu, ni habari ya mashua. Kuanzia miaka ya 1990, katika juhudi za kupunguza uvuvi, Umoja wa Ulaya uliwalipa wavuvi wa Ugiriki warudishe leseni zao, na sharti kwa kawaida likawa kwamba chombo chenyewe kivunjwe. Maelfu ya mashua za mbao zilivunjwa hivyo, nyingi zikiwa kazi ya mikono ya mafundi ambao hawakuacha wanafunzi. Wazee wa Perama wamenisimulia jinsi tingatinga lilivyoikanyaga mashua iliyopakwa rangi upya, na mwenyewe akiwa amesimama pembeni na hundi mfukoni, asiweze kutazama. Nami nilikulia mahali ambapo fundi wa Kizingitini au wa Matondoni huchagua mti kwa jicho, hulichonga taruma kwa tezo bila mchoro wowote, akatia kalafati ya pamba na mafuta, na mtoto wake akiwa amechuchumaa pembeni anajifunza bila kuambiwa kwamba anafundishwa. Sisi bado tunacho kitu ambacho nchi yenye merikebu nyingi kuliko karibu nchi zote duniani imekivunja kwa fedha, na sasa wachache wao wanajaribu kukifufua kwa shida. Kila ninaposikia kwamba kijana wa kwetu ameona haya kushika tezo kwa sababu mwenzake yuko Doha au Jeddah akifanya kazi ya ulinzi, naziona zile mashua zinazovunjwa.

Sisemi haya ili kuipamba Pate kuliko ilivyo. Yapo mambo katika kijiji kile ambayo tunapaswa kuyatamani, na naona ndugu zangu wangeyatamani hayo badala ya ukimya. La kwanza ni meli. Wagiriki wana njia za bahari wanazoziita njia tasa, yaani zile ambazo hakuna kampuni ingezipita kwa faida, na serikali hulipa ruzuku ili meli ipite hata Januari, hata kama abiria wa Diafani ni mmoja. Bibi yule huagiza dawa zake zikaletwa na meli. Madaktari wachanga hutakiwa na sheria kutumikia vijijini kwa mwaka mmoja, na mgonjwa mahututi wa kisiwani huweza kufuatwa kwa helikopta. Hakuna aliyeuliza kama watu wachache kiasi hicho wanastahili gharama hiyo. Wao ni raia, na bahari ni barabara yao.

Kwetu ni maelfu ya watu wanaovuka kati ya Lamu na Pate, na bado safari hufuata mwezi. Maji yakikauka njiani, boti haipiti. Nilikuwa kijana nilipofuatana na shangazi yangu aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, usiku, kwa boti ya mbao ya abiria. Maji yalitukupwea, tukakaa juu ya matope karibu saa 4 tukiwa na tochi moja. Mtoto alizaliwa mumo humo, na hakuishi. Siwezi kumlaumu nahodha, aliyekubali kutoka wakati ambao wengine walikataa. Lakini nimeona kwa macho yangu, katika nchi iliyopita miaka mibaya ya madeni kuanzia mwaka 2010, kwamba kijiji kidogo kuliko Siyu kinaweza kufikiwa na meli ya chuma yenye ratiba, na tangu hapo siwezi kukubali kuambiwa kwamba visiwa vyetu viko mbali mno.

La pili ni ufuo. Katika Ugiriki ufuo ni mali ya umma, na watu wake huutetea: kiangazi cha mwaka 2023 wakazi wa Paros walijitokeza na taulo zao kudai nafasi iliyokuwa imefunikwa na vitanda vya kukodisha, na maandamano hayo yakaenea visiwa vingine, hata mwaka uliofuata sheria ikakazwa. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Maneno hayo ni yetu, yameandikwa, na kila mvuvi wa pwani anapaswa kuyajua kwa moyo kabla hajakuta ukuta mahali alipokuwa akianika nyavu.

Niliondoka Diafani alfajiri. Bibi alikataa kubaki kitandani. Alitembea nami hadi gatini akiwa na mfuko wa tini kavu kwa ajili ya mama yangu, ambaye hajamwona wala hatamwona. Taa za meli zilionekana nyuma ya rasi kwa dakika iliyotajwa katika tiketi. Ilisogea, ikashusha mlango wake wa nyuma, akatoka mzee mmoja na sanduku, nikaingia mimi na mwanamke mwenye mtoto, na mlango ukapandishwa. Meli nzima ilikuwa imesimama kwa ajili ya watu wanne. Kwa kuwa saa za Ugiriki katika majira yale hulingana na za Kenya, nilimpigia simu dada yangu, nikijua ameamka. Alikuwa Lamu, gatini, na mtoto wake mdogo mgongoni, akisubiri maji yajae.