Baharia Mpe Mazoezi, Bunduki Mwachie Mlinzi

Kila meli ikitekwa, lazima atokee mtu aseme: hao mabaharia si wapewe bunduki tu? Hasira yenyewe naielewa. Vijana wanne kwenye mashua, na ngazi yao ya kulabu, wanapanda meli ya mita 155 kama wanapanda mnazi. Inaudhi. Lakini bunduki mikononi mwa baharia siiungi mkono, na sababu naipata kwenye meli moja iliyovamiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Aprili 2009, Maersk Alabama ilikuwa njiani kwenda Mombasa ilipopandwa na maharamia wa Somalia. Haikuwa na mlinzi hata mmoja mwenye silaha. Mabaharia wengi walijificha chini, wakazima mitambo, meli ikawa giza totoro. Haramia mmoja akashuka kuwasaka. Injinia mkuu alikuwa amejibanza gizani na kisu chake, akamrukia, akamkamata. Maharamia waliobaki wakaondoka kwa mashua ya uokoaji pamoja na nahodha Richard Phillips, ambaye aliokolewa siku chache baadaye na wanamaji wa Marekani. Meli hawakuipata.

Novemba, meli ileile ikashambuliwa tena. Safari hii walikuwepo walinzi wenye silaha, wakajibu risasi kwa risasi, mashua ikageuza.

Basi si unaona, bunduki inafanya kazi! Inafanya, sikatai. Ila aliyeishika alikuwa mlinzi, mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake, si mpishi wala fundi wa mitambo aliyetoka zamu saa mbili zilizopita. Meli ya mizigo ina watu ishirini na kitu, wote wamechoka. Bunduki itakaa kabatini ikiliwa na chumvi, na siku ikitakiwa, mwenye ufunguo yuko usingizini.

Halafu kuna lile swali gumu: mashua inayokuja mbio ni ya haramia au ya mvuvi? Februari 2012, wanajeshi wa Italia waliokuwa wakiilinda meli ya mafuta Enrica Lexie waliwaua wavuvi wawili karibu na Kerala, India. Kesi ikaburuzwa kwa miaka, nchi mbili zikinuniana. Na hao walikuwa askari waliofunzwa. Mpishi je?

Kwa adui wa vita mambo ni mabaya zaidi. Nahodha Mwingereza Charles Fryatt aliielekeza meli yake kwenye nyambizi ya Wajerumani mwaka 1915 akitaka kuigonga. Mwaka uliofuata wakamkamata, wakamhukumu kuwa raia aliyepigana bila kuwa mwanajeshi, wakampiga risasi. Siku hizi adui hata hasogei karibu. Machi 2024, kombora liliipiga meli ya mizigo True Confidence karibu na Aden, Yemen, mabaharia watatu wakafa. Bunduki ungemlenga nani pale? Kinachookoa hapo ni kujua kuzima moto, kufunga jeraha, na kushusha mashua ya uokoaji mikono ikitetemeka.

Kwa hiyo wenye meli wakodi walinzi kwenye maji ya hatari, na gharama isikatwe kwenye mishahara ya mabaharia. Wazungushe seng'enge ubavuni na tezini. Chumba cha kujificha kiwe na maji, redio yake yenyewe na njia ya kuzima injini, na mlango wake uwe mnene kwelikweli: mwaka 2011, maharamia walioiteka Beluga Nomination walikuwa na muda wa kutosha kukivunja cha meli ile, kwa sababu msaada ulichelewa.

Na mazoezi yawe mazoezi. Yale ya saa nne asubuhi, kila mtu anajua kengele italia lini, picha inapigwa, daftari linajazwa, watu wanarudi kunywa chai, yana faida gani? Pigeni kengele saa tisa usiku bila kumwambia mtu, taa zote zimezimwa, mpishi yuko na ndara zake, muone ni wangapi watakifikia kile chumba na ni nani atabaki akipapasa ukuta.